Kabla ya Kutweka Tanga

Kuna watu wa aina mbili ambao siwezi kukaa nao barazani kwa amani. Wa kwanza ni yule ambaye akisikia kwamba mzazi fulani huko Ulaya ameuza nyumba, amewatoa watoto shule, amenunua chombo cha matanga na yuko mbioni kuizunguka dunia pamoja nao, hupiga kofi pajani na kusema, "Wazungu wana wazimu." Wa pili ni yule ambaye akisikia habari hiyo hiyo hufumba macho kwa raha na kusema, "Huo ndio ushujaa, sisi waoga hatuuwezi." Wote wawili wametoa maksi kabla ya kusoma karatasi. Hakuna kati yao aliyeuliza swali la kwanza, nalo ni hili: watu hao wamejiandaaje?

Chuoni, wakati wetu, tulifundishwa kwamba mwalimu anayeingia darasani bila andalio la somo ni mwizi, kwani anaiba dakika arobaini za maisha ya kila mtoto aliyeketi mbele yake. Nimeisimamia kanuni hiyo maisha yangu yote ya kazi na wako walimu ambao hawajanisamehe kwa sababu yake. Sasa kama dakika arobaini ni wizi, tuseme nini juu ya mzazi anayewapakia wanawe chomboni kwa miaka miwili bila andalio? Na tuseme nini, msomaji, juu ya mzazi anayewapakia wanawe chomboni kwa saa mbili bila andalio? Huyo wa pili nitamfikia. Yeye anakaa karibu zaidi nasi.

Nichukue kwanza mfano unaojulikana kuliko mingine. Dougal Robertson alikuwa Mskoti, afisa wa zamani wa meli za biashara, aliyegeuka mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Staffordshire, Uingereza. Alitumia akiba ya maisha yake kununua, huko Malta, chombo cha mbao chenye milingoti miwili na urefu wa futi 43. Kiliitwa Lucette, na kiliundwa mwaka 1922. Tarehe 27 Januari 1971 aling'oa nanga katika bandari ya Falmouth akiwa na mkewe Lyn na watoto wao wanne: binti yao Anne, kijana wao Douglas, na mapacha wawili wadogo, Neil na Sandy.

Itazameni tarehe hiyo. Januari kwao ni katikati ya majira ya baridi, na bahari ya upande ule haina huruma wakati huo. Utazameni na umri wa chombo, karibu miaka hamsini. Manahodha wetu wa zamani waliokwenda Arabuni kwa jahazi hawakuwa na vyeti vya kutundika ukutani, lakini walijua kwamba msafiri hapangi siku, siku hupangwa na upepo. Waliondoka kwa kusi, wakarudi kwa kaskazi, na kusi ilipokuwa kali kabisa bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Chombo kilipandishwa pwani, kikakalafatiwa upya kati ya mbao na mbao, kikapakwa deheni chini na sifa juu, na asiyependa kungoja aliambiwa akatafute kazi shamba. Wengi leo huita hayo ushamba. Mimi nayaita azimio la kazi.

Turudi kwa akina Robertson. Walivuka Atlantiki, wakakaa visiwa vya Karibi, na huko Bahama binti yao Anne akaamua kuwa imetosha, akashuka. (Sijasikia mtu barazani akimsifu binti huyo, na kwangu mimi alifanya jambo lililohitaji moyo kuliko kubaki.) Kule Panama walimchukua kijana mmoja, Robin Williams, asiyejua mambo ya bahari. Ndipo asubuhi ya tarehe 15 Juni 1972, kama maili 200 magharibi ya visiwa vya Galapagos, nyangumi wauaji waliigonga Lucette, mbao zikapasuka, na katika dakika chache chombo kikawa chini ya maji. Watu sita wakabaki na boya la mpira la kujazwa hewa pamoja na kihori chenye urefu wa kama mita tatu, kiitwacho Ednamair.

Hapa ndipo mpenda ushujaa huanza kutokwa machozi, na hapa ndipo mimi huanza kuhesabu. Ndani ya boya mlikuwa na mkate mkavu na glukosi za kutosha watu kumi kwa siku mbili, maji kidogo, fataki nane za kuomba msaada, na ndoana chache. Vingine ni vile vilivyookotwa kwa pupa chombo kikizama: vitunguu, machungwa na malimau machache, na kikapu cha kushonea cha mama. Kikapu hicho kikaja kuwa hazina kuliko vyote, maana mlikuwa na sindano, nyuzi na mkasi. Fikirini jambo hilo. Familia imesafiri mwaka mmoja na nusu, nusu ya dunia, na kitu chake cha thamani kuliko vyote saa ya hatari ni kikapu ambacho hakuna aliyekiandaa kwa ajili ya hatari. Baada ya wiki moja hivi waliona meli. Walirusha fataki. Meli ikapita.

Walikaa baharini siku 38. Baada ya siku kama kumi na sita boya lilikwisha kabisa, wote sita wakaingia katika kile kihori cha mita tatu, kiasi kwamba mtu akitaka kugeuka ilibidi mwingine asogee. Walikula nyama ya kasa na kunywa damu yake, walikula fulusi na panzi bahari, wakakinga maji ya mvua. Tarehe 23 Julai 1972 wakaonwa na meli ya uvuvi ya Wajapani, Toka Maru II, nayo ikawachukua hadi Panama. Hakufa hata mmoja.

Ni nini kilichowaokoa? Ukisema ushujaa, hujajibu swali. Wafu wengi wa baharini walikuwa mashujaa. Kilichowaokoa ni masomo. Baba alijua pepo na mikondo ya bahari ile, akatambua kuwa kuirudia Galapagos dhidi ya upepo ni kujidanganya, akaamua waelekee kaskazini penye ukanda wa shwari ambako mvua hunyesha, kisha watafute pwani ya Amerika ya Kati. Uamuzi huo haukutoka moyoni. Ulitoka kichwani, kwa mtu aliyeketi darasani akafanya mtihani wa unahodha. Mama alikuwa muuguzi. Yalipopatikana maji machafu yasiyonyweka, yaliyochanganyika na damu na mafuta ya kasa, alijua kwamba tumbo lingeyatapika lakini utumbo mpana unaweza kuyafyonza, akawatia maji hayo kwa mpira kupitia njia ya haja kubwa. Wasomaji wenye staha wanisamehe, lakini sitaificha habari hiyo, kwa kuwa ni somo la baolojia bora kuliko mengi niliyowahi kuyakagua.

Robertson mwenyewe aliandika kitabu cha mkasa huo mwaka 1973, nacho kikasomwa dunia nzima na baadaye kikafanywa filamu. Mwaka 1975 akatoa kingine, mwongozo wa namna ya kubaki hai baharini. Kitabu cha kwanza kinahadithiwa. Cha pili, ambacho ndicho hasa mtu huyo alirudi nacho kutoka kuzimu, sijamsikia hata mpenda ushujaa mmoja akikitaja.

Sasa nimgeukie yule wa "Wazungu wana wazimu", hasa akiwa mwalimu mwenzangu. Hoja yake ni kwamba mtoto mahali pake ni shuleni. Nami, niliyeitekeleza Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 kwa kuwafuata wazazi hadi mlangoni, siwezi kuambiwa kwamba nadharau mahudhurio. Lakini nimekaa mwambao. Kila mwaka, wavuvi walipokwenda dago, madawati yalibaki matupu kwa wiki, pengine miezi. Mtoto aliyerudi kutoka dago alikuwa amesahau kugawanya kwa tarakimu mbili. Papo hapo alijua kusoma mawingu, alijua kupwa na kujaa kwa hesabu ya mwezi, na alijua kukaa kimya mkubwa anapofikiri, jambo ambalo waliobaki darasani hawakulijua. Hasara ilikuwa ya kweli na faida ilikuwa ya kweli. Asiyeona zote mbili si mlezi, ni karani wa daftari la mahudhurio. Waingereza katika sheria yao ya elimu ya mwaka 1944 waliandika kwamba mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu shuleni au kwa njia nyingine, na maneno hayo mawili ya mwisho yana busara. Yanamwachia mzazi nafasi lakini hayamwachii uvivu: anayedai njia nyingine aioneshe.

Wadachi walilifikisha jambo hili mahakamani. Laura Dekker alizaliwa mwaka 1995 huko Nyuzilandi wazazi wake wakiwa katika safari ndefu ya tanga, kwa hiyo yeye mwenyewe ni tunda la familia za namna hii. Mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 13, alitangaza kwamba ataizunguka dunia peke yake. Mahakama ya Utrecht ikamweka chini ya uangalizi wa watu wa ustawi wa watoto. Dunia ikagawanyika vile vile: wengine wakalia uhuru, wengine wakalia wazimu. Nilipoisoma habari ile nilicheka, kwa kuwa mahakimu hao walifanya kazi ya mwalimu mkuu. Walimwambia kuwa bado hajawa tayari, na katika muda huo wa kungoja akapata chombo kikubwa zaidi, akasomea huduma ya kwanza, akajizoeza kukaa bila usingizi wa kutosha. Julai 2010 zuio likaondolewa, akaenda, na tarehe 21 Januari 2012 akafika Sint Maarten akiwa na umri wa miaka 16. Alizuiwa karibu mwaka mzima. Kila aliyewahi kumrudisha mwanafunzi darasa anaujua uchungu wa uamuzi huo, na anajua pia kwamba pengine ndio ulimvusha.

Siku hizi zipo zana ambazo Robertson angezitolea machozi. Kifaa kidogo hutuma ishara kwa setilaiti, na waokoaji wakajua ulipo. Mwaka 2014 familia moja ya Wamarekani yenye watoto wawili wadogo, mmoja wao akiwa mgonjwa, ilifikiwa katikati ya Pasifiki kwa njia hiyo: askari wa uokoaji wakashuka kwa miavuli, na manowari ikaja kuwachukua. Makelele yaliyofuata yalikuwa juu ya nani alipe. Swali hilo halinishughulishi sana, maana mtoto mgonjwa huokolewa kwanza, hesabu hufuata. Ila nasema kwamba chombo cha kuitia msaada si andalio. Ni king'ora. Wala zana haziponyi ukaidi. Februari 2011, wakati maharamia wa Kisomali wameenea Bahari ya Hindi na maonyo yamejaa kila mahali, familia ya Wadenmaki yenye watoto watatu ilikatiza maji hayo hayo. Ilitekwa, na haikuachiwa mpaka Septemba. Asiyesikia la mkuu, Waswahili tumeshalimaliza.

Lakini sikuchukua kalamu hii kwa ajili ya Wadenmaki. Nimeichukua kwa sababu ya yule jamaa wa kofi la pajani. Amemaliza kusema Wazungu wana wazimu, ameaga, amekwenda nyumbani, na kesho yake alfajiri anawapakia mkewe na watoto watano chomboni kuvuka kwenda harusini, akiwa hajauliza chombo kimepakia watu wangapi, hajauliza majaketi ya kujiokolea yako wapi, na hakuna mtoto wake hata mmoja anayejua kuogelea. Ukimwuliza anakujibu, "Ajali haina kinga." Ukimbana zaidi anakuongezea, "Chombo cha kuzama hakina usukani."

Methali hizi mbili nimezifundisha, nimezitungia mitihani, na sasa nasema hadharani kwamba zimetumika vibaya mno. Wahenga waliozisema walikuwa watu wa bahari. Waliutengeneza usukani kwanza, wakaukagua, wakafunga na wa akiba, wakangoja upepo wao, kisha kama chombo kilizama pamoja na hayo yote, wakajifariji kwa maneno hayo matangani. Ni maneno ya kumliwaza mfiwa. Sisi tumeyafanya tiketi ya kupandia.

Nikumbushe kwa tarehe, kwa kuwa tunasahau upesi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu kabisa na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na humo zilimo familia nzima nzima, kuanzia bibi mpaka mtoto wa mgongoni. Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa imeshamiri, ikafuata MV Skagit kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, chombo kilichoundwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyotulia ya Puget Sound. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha kubeba kama watu mia moja, kilipinduka kikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Ilikuwa safari ya muda mfupi, na nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho.

Nani basi mwenye wazimu? Robertson aliwatia wanawe hatarini, na nimeshamhukumu. Lakini alikuwa na cheti cha unahodha, alikuwa na boya, na baada ya mkasa aliketi akaandika kitabu cha kiada. Sisi baada ya kila mkasa tunatangaza siku za maombolezo, tunaunda tume, tunasoma dua. Dua naisoma na mimi. Kisha mwezi wa pili yake nasimama gatini nikitazama, na mzazi yule yule anawasukuma watoto kwenye chombo kilichokwisha kujaa, huku akimkaripia baharia anayejaribu kumzuia!

Nitaambiwa kwamba hilo ni jukumu la serikali. Ni kweli, na wakaguzi wa vyombo walipwe, na wanaokula rushwa wafungwe. Lakini serikali haiwezi kumshika mkono kila mzazi anapomchagulia mwanawe chombo. Na kuna jambo moja liko mikononi mwetu walimu, wala halihitaji tume. Nimezunguka shule nyingi za mwambao na visiwani, shule ambazo bahari ikijaa unaisikia ukiwa ofisini. Watoto wanajua kuchora ramani ya mto Naili. Wavulana wachache wamejifunza kuogelea kwa utundu, kwa kutoroka. Wasichana karibu hawajui kabisa. Katika ratiba, kuogelea hakuna. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya mahali anapoishi. Tukaelewa jembe, tukalima mashamba ya shule mpaka viganja vikaota sugu. Maji yaliyotuzunguka hatukuyasoma katika waraka ule, ingawa yamo.

Niliposema haya katika kikao kimoja cha walimu niliulizwa mabwawa ya kuogelea yatatoka wapi. Nikauliza kama muulizaji ameona kitu kikubwa cha rangi ya buluu nyuma ya vyoo vya shule. Nikaulizwa kuhusu staha ya wasichana. Hilo ni swali la haki na jibu lake ni jepesi: walimu wa kike wapo, kanga na suruali zipo, na vipo vichochoro vya pwani ambako wanawake wa kwetu wameoga na kutanda madema na mitando ya uduvi tangu enzi za mababu bila mtu kuwachungulia. Nikaambiwa mtoto anaweza kufa maji akifundishwa. Anaweza, ikiwa anayemfundisha hana andalio.

Mwisho nikaulizwa habari ya fedha. Niliwapigia hesabu ubaoni. Kamba imara ya mita thelathini. Madumu sita matupu yaliyozibwa vizuri. Filimbi moja. Walimu wawili wanaojua kuogelea kwa hakika. Maji ya kifuani, bahari ikiwa imetulia, watoto kumi kwa zamu. Gharama yake haikufika bei ya kiti ambacho mwulizaji alikuwa amekikalia.